Hapana ya Kwanza Haihesabiwi

Mtu wa Minnesota akikwambia hapana, ujue bado hajakujibu. Ndivyo tulivyolelewa hapa Nordby, mji mdogo wa baridi kaskazini mwa Marekani. Ukikaribishwa kahawa unasema, "La, usijisumbue." Mwenye nyumba anakuuliza tena, nawe unasema umetoka kunywa sasa hivi, hata kama koo limekauka. Anakuuliza mara ya tatu, na hapo unasema, "Haya basi, kidogo tu, kama tayari ipo jikoni," kisha unakunywa vikombe vitatu. Mara ya kwanza ni adabu, ya pili ni kupimana, ya tatu ndiyo yenyewe. Hakuna aliyetufundisha darasani, tumezaliwa tumeyakuta.

Kwa miaka sabini na sita niliamini dunia nzima inaishi hivyo. Imani hiyo nusura initenganishe na mke wangu, na hadithi yenyewe inanitia aibu, lakini nitaisimulia hivyohivyo.

Jina langu Verlyn Tollefsrud. Nilifanya kazi kwenye maghala ya nafaka mpaka nikastaafu. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilizimia kanisani katikati ya matangazo, mama mmoja akiwa anaeleza habari za ukarabati wa choo cha wanaume. Nilipozinduka nilikuta nimezungukwa na watu kumi na wawili, kila mmoja akisema hataki kunisumbua. Daktari alisema moyo wangu umerukaruka mapigo, akanipa vidonge na kunikataza kuendesha gari kwa miezi mitatu. Nikasema si neno, Ardis ataendesha. Ardis ndiye mke wangu. Wiki tatu baadaye Ardis akateleza kwenye barafu akimrudishia jirani bakuli lake, akavunjika nyonga. Bakuli halikupata hata ufa. Alilitaja jambo hilo kwa fahari akiwa amelazwa ndani ya gari la wagonjwa.

Alipofanyiwa upasuaji wakampeleka kituo cha mazoezi mjini Brandvold, maili kumi na nne kutoka kwetu. Maili kumi na nne si kitu ukiwa na gari. Bila gari ni safari ya kwenda mwezini. Kulikuwa na basi dogo la kaunti, lakini lilikuja Jumanne na Alhamisi tu, na lilimpitia kila mzee wa wilaya hii mlangoni kwake, likafika Brandvold saa tano.

Siku nilizokwenda, Ardis alitembea. Niliingia nikamwambia, "Inuka twende," naye akainuka, akashika fremu yake ya kutembelea na kuburuta miguu hadi dirishani. Siku nisizokwenda hakutembea. Sikujua kwa nini. Nilijipa sifa, nikadhani ni mapenzi.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu Yolanda akaniita pembeni. Yolanda alikuwa mtaalamu wake wa mazoezi, mwanamke wa makamo aliyetoka Texas kwa mkataba wa miezi michache, mwenye mikono yenye nguvu na sauti ya upole.

"Mzee Verlyn," aliniambia, "Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi tuna kikao cha kuamua. Nyumbani kwenu kuna ngazi ngapi?"

"Nne."

"Basi asipoweza kupanda ngazi nne kufikia siku hiyo, watamhamishia upande ule mwingine. Upande wa wanaokaa moja kwa moja."

Upande ule mwingine naujua. Ndugu yangu aliingia huko na sanduku moja, hakutoka.

"Anahitaji mazoezi kila siku," Yolanda akasema. "Na mimi siwezi kumlazimisha mtu."

Mtu mwingine yeyote angerudi nyumbani akapiga simu kwa marafiki: jamani, nahitaji kupelekwa Brandvold kesho na keshokutwa. Sisi hatuombi. Kwetu mtu haombi lifti, anasimama mahali watu wanapita, anazungumzia hali ya hewa, na anangoja kuulizwa mara tatu.

Nikaanza na Duane, jirani wa kushoto, rafiki yangu tangu tukiwa na meno yetu wenyewe. Nilimkuta akivunja barafu mbele ya gereji yake.

"Ardis anaendeleaje?" akauliza.

"Angeweza kuwa na hali mbaya zaidi."

"Labda ningeweza kukupeleka kesho, unajua."

"Ah, hapana, una mambo yako."

"Sina mambo mengi kiasi hicho."

"Hapana, hapana, usijisumbue Duane."

Akavuta pumzi. Niliiona mara ya tatu ikipanda kooni mwake, nami nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema haya basi. Mkewe akafungua dirisha na kupiga kelele kwamba maji yanavuja chini ya sinki. Duane akatupa sululu na kukimbia. Alipotoka tena tulitazamana, tukazungumza juu ya sinki. Kurudia tangu mwanzo kungekuwa aibu kwake, na kumkumbusha kungekuwa aibu kwangu. Wazee wawili tulisimama pale kwenye baridi, kila mmoja akijua, mpaka masikio yakafa ganzi, tukaagana.

Sasa nije kwa Loretta.

Loretta Scarpaci alinunua nyumba ya kulia kwetu kiangazi kilichopita, akitokea New Jersey. Mjane, kama miaka sitini na mitano hivi, mfupi, mwenye gari dogo jekundu na sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa. Kila asubuhi ya siku za kazi alikwenda Brandvold kumlea mjukuu wake. Kila asubuhi! Ijumaa ile nikavaa koti, nikatoka kuzoa theluji kwa koleo mahali ambapo hapakuwa na theluji.

Gari jekundu likasimama, kioo kikashuka.

"Mzee! Nakwenda Brandvold. Twende nikupeleke kwa mkeo?"

Moyo ukaniruka kwa furaha. "Ah, hapana," nikasema, "usijisumbue."

"Haya," akasema Loretta. Akapandisha kioo akaenda zake.

Nilibaki na koleo mkononi, nimepigwa na butwaa. Nililitazama lile gari mpaka likapotea kwenye kona ya kanisa, nikisubiri lirudi nyuma. Halikurudi. Nikaingia ndani nikajisemea kwamba yule mwanamke hana malezi.

Jumamosi na Jumapili hakwenda. Usiku wa Jumapili nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Ndiyo, asante. Ndiyo, asante. Nilijiona kama mtu anayejifunza kutukana. Jumatatu nikatoka nimenyoa, chupa ya kahawa kwapani, sweta jipya la Ardis kwenye mfuko.

Kioo kikashuka. "Mzee, leo unakuja?"

Haki ya Mungu nilikuwa na nia. Ulimi ukajisemea wenyewe, "Hapana, niko sawa tu."

"Mh," akasema Loretta. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kisha akaenda. Mimi nikarudi ndani na chupa yangu ya kahawa nikainywa yote peke yangu kwa hasira, halafu sikupata usingizi.

Jumanne nikapanda basi la kaunti. Ardis alitembea hadi dirishani na kurudi, kisha tukajaribu ngazi za mazoezi. Alipanda mbili. Akatetemeka, akakaa. "Tusimchoshe Yolanda," akanong'ona. Nilitaka kulia. Zilibaki ngazi mbili na siku mbili, na basi la Alhamisi lingefika saa mbili nzima baada ya kikao kuanza.

Jumatano asubuhi Loretta hakusimamisha gari.

Alipunga mkono tu akapita. Na mimi, Verlyn Tollefsrud, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajapaza sauti tangu timu ya shule ilipofungwa mwaka wa sitini na tano, nilikimbia katikati ya barabara nikipunga mikono yote miwili.

"Simama! We mama, simama!"

Breki zikalia. Loretta akatoka, macho yamemtoka. "Kuna nini? Moyo?"

"Kwani wewe unataka nikatae mara ngapi ndipo unichukue?" nikafoka.

Akanitazama. "Unasema?"

"Ijumaa nilikataa. Jumatatu nikakataa tena. Hujawahi kunirudia hata siku moja! Unauliza mara moja unaondoka! Mtu atakubali vipi?"

"Ngoja kwanza, babu. Ulikataa ili nikuchukue?"

"Ndiyo!"

"Ulisema hapana, maana yake twende?"

"Hapana ya kwanza haihesabiwi! Kila mtu anajua!"

Loretta alianza kucheka. Alicheka akashika bodi ya gari, akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara, juu ya theluji, na koti lake zuri. Nami hasira ikanipungua, maana kwa mara ya kwanza niliyasikia maneno yangu kwa masikio ya mtu mwingine, na yalikuwa ya kichaa. Kisha nikaona kwamba hacheki tena. Alikuwa akifuta machozi ya aina nyingine.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane niko hapa. Nilipohamia nilipika madonge ya nyama kwa mchuzi wa nyanya, nikapita nyumba nne. Zote nne: 'La, asante, usijisumbue.' Nikarudi na sufuria nikala mwenyewe siku tano. Nikamwalika huyu kahawa, hapana. Yule lifti, hapana. Nikamwambia binti yangu, hawa watu hawanitaki. Wana adabu sana, lakini hawanitaki. Juzi nimempigia simu dalali aje Jumatatu kuitazama nyumba, niiuze."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu moja ya hizo nyumba nne ilikuwa yetu. Ardis ndiye aliyesema usijisumbue, mimi nikiwa nyuma ya mlango na uma tayari mkononi. Tulisubiri aseme tena. Alipogeuka na kushuka ngazi tulitazamana hatuamini. Jioni ile tulikula mkate na siagi huku harufu ya ule mchuzi ikitufikia kupitia dirishani, na Ardis akasema, "Huenda alibadili mawazo."

Nikamweleza Loretta yote, hata uma. "Tuliyataka sana madonge yako," nikasema. "Nyumba zote nne. Duane mpaka leo anayazungumzia."

"Nyie watu mna wazimu," akasema Loretta, akanyoosha mkono nimwinue. "Nauliza mara moja tu. Unakwenda?"

Nilifumba macho. "Ndiyo."

Nilijisikia kama nimevua nguo kanisani. Loretta akafungua mlango wa gari.

Anaendesha vibaya sana, tuseme ukweli. Lakini tulifika saa mbili na nusu, Loretta ameshampigia binti yake kwamba atachelewa kwa mjukuu, wakati Ardis anamaliza uji wake. Alimwangalia Loretta, akaniangalia mimi, akaniuliza kwa macho: umempa mtu taabu? Sikupata nafasi ya kujibu kwa sababu Yolanda aliingia na faili lake.

"Mama Ardis, habari za asubuhi. Vipi leo, ungependa kutembea kidogo, au tuache?"

"Ah, una wagonjwa wengi mwanangu," akasema Ardis kwa tabasamu. "Usijisumbue na mimi."

"Sawa, mama. Pumzika." Na Yolanda akatoa kalamu.

"Ngoja!" Loretta akaruka. "Ngoja, dada, samahani. Unaandika nini hapo?"

Yolanda akasita, akanitazama kama kuomba ruhusa, akageuza faili tuone. Kila siku ilikuwa na mstari wake. Amekataa. Amekataa. Amekataa. Siku zangu za basi tu ndizo zilizokuwa na maelezo. Nyingine zote, neno lilelile kwa mwandiko mzuri.

"Amekataa?" nikasema.

"Nimekataa?" Ardis akasema. Rangi ilimtoka usoni. "Mimi? Mimi sijawahi kukataa! Nimesema asijisumbue!"

"Mama, kila siku nakuuliza," Yolanda akasema taratibu. "Nami siruhusiwi kumgusa mtu aliyesema hapana."

"Unaniuliza mara moja!"

Loretta akaweka mkono usoni. Safari hii hakucheka. "Yesu wangu," akasema. "Nyumba nzima."

Ndipo ikaniingia. Mimi niliyebaki barabarani na koleo, nikimlaani mwanamke asiye na malezi, ndimi pia niliyejisifu kwamba mke wangu hutembea kwa mapenzi yangu. Ardis alitembea siku zangu kwa sababu mimi simuulizi, namwambia inuka. Siku nyingine alikuwa amekaa pale kitandani, amevaa viatu, anangoja mara ya pili. Na kesho kikao kingesoma karatasi ile na kumfungia mlango kwa kosa la kuwa na adabu. Yolanda hakuwa na kosa hata kidogo. Alikuwa amemheshimu kila siku, kwa namna ya kwao.

Loretta akavuta kiti akakaa karibu na Ardis, magoti yakakaribia kugusana.

"Mama, unataka kurudi nyumbani?"

Ardis akatazama sakafu. "Sitaki kumpa mtu taabu."

"Sijakuuliza habari ya taabu. Nimekuuliza unataka nini. Na kule kwetu tunauliza mara moja."

Nataka mfahamu kwamba huyu mwanamke nilimposa mara tatu, kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, na mara ya tatu akajibu, "Haya, kama huna mpango mwingine." Miaka hamsini na mmoja nimeishi naye, na sijawahi kumsikia akisema anataka kitu. Hata kipande cha mwisho cha keki hukikata nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka zinabaki chembe.

"Ndiyo," akasema Ardis. Machozi yakamshuka. "Nataka. Nataka kurudi nyumbani, nataka sana."

Yolanda akaweka kalamu mfukoni. "Basi inuka, mama," akasema. "Sikuulizi tena."

Alitembea ukumbi mzima kwenda na kurudi. Kwenye ngazi za mazoezi alipanda moja, akapanda mbili, akasimama, akahema. Nikataka kumwambia apumzike, Loretta akanifinya mkono. Ya tatu. Kisha akaning'inia kwenye chuma cha kushikia pembeni mwa ngazi, akang'ata meno, na mguu ule mbovu ukafika juu. Alibaki pale juu ya ngazi ya nne akitutazama sote kutoka juu, na uso wake ulikuwa uso wa msichana mwenye kiburi ambaye nilikuwa nimemsahau. Walimrudisha kitandani mchana ule akalala kama gogo.

Kesho yake Loretta alinipeleka tena kikaoni. Aliuliza mara moja tu, nikajibu mara moja, na haikuuma sana. Walikaa watu wanne upande mmoja wa meza. Ardis alikaa na fremu yake mbele. Yolanda alisoma maelezo mapya, akaeleza yale ya zamani, na mmoja wao akajikohoza ili asicheke, maana alikuwa mtu wa hapahapa na alielewa mara moja.

Kisha mwenyekiti, bibi mwenye miwani, akanigeukia. "Mzee Tollefsrud, huendeshi gari. Mama bado atahitaji kuletwa huku mara tatu kwa wiki, na mtu wa kumwangalia akioga. Mna msaada nyumbani?"

Kila tone la damu yangu lilijua jibu lake. Tutajikaza. Tusiwasumbue. Tutaona itakavyokuwa. Hayo ndiyo marehemu baba angesema, na baba yake, na wangesema huku nyumba inaungua. Nilimwona Ardis akikaza vidole kwenye chuma cha fremu. Naye alikuwa analijua jibu langu.

Nikageuka kwenye kiti. Loretta alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, anatafuna peremende.

"Loretta," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kitoto, "utatusaidia?"

Sijui kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kutamka neno hilo hadharani. Sikulizungushia hali ya hewa wala sinki. Niliomba, na nilipomaliza kuomba niliogopa kuliko siku niliyozimia.

"Ndiyo," akasema Loretta. Hakuacha hata kutafuna. "Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Na kuoga."

Bibi mwenye miwani akaandika. Ardis alirudi nyumbani Jumamosi saa nane mchana. Duane alikuwa amemwaga chumvi ya kuyeyusha barafu mpaka mlangoni kwetu, bila kumuuliza mtu. Ngazi zote nne Ardis alizipanda kwa miguu yake, Loretta akiwa nyuma yake ameshika mkanda wa gauni.

Alipokwisha kukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nilimsindikiza Loretta mlangoni. Kwetu, ukimshukuru mtu anasema si kitu, na wewe unasema ni kitu, na yeye anasema wala usitaje, mpaka shukrani yenyewe inaisha nguvu na kila mtu anabaki bila chochote mkononi. Nilimshika mikono yote miwili.

"Asante," nikamwambia. "Umenirudishia mke wangu."

Nikangoja aikatae.

"Ndiyo," akasema Loretta, macho yamemlowa. "Nimekurudishia." Akashuka ngazi, akaingia nyumbani kwake na kuwasha taa ya jikoni. Dalali hakuonekana Jumatatu, wala siku nyingine.